Kalunguyeye wa buluu ana kasi gani? Jinsi mwendo wa wahusika wa michezo ya video unavyopimwa

Mhusika wa mchezo wa video hana mwili, hana uzito, wala hakanyagi ardhi. Hata hivyo kasi yake hupimika, na kanuni zinazotumika ni zile zile za fizikia ya shule ya sekondari: umbali, wakati na nguvu ya mvutano wa dunia. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini watu wawili waaminifu, wakitazama mchezo mmoja, waweza kupata majibu mawili yasiyolingana.

Ugomvi wa Rayners Lane na Toronto

Rayners Lane ni kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London, katika wilaya ya Harrow. Hapo ndipo njia mbili za reli ya chini ya ardhi, Metropolitan na Piccadilly, zinapokutana na kuendelea pamoja kuelekea Uxbridge. Watu wa Afrika Mashariki si wageni katika wilaya hii. Wahindi wa Kenya walianza kuhamia Uingereza kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960, wale wa Uganda wakafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na wengi wao wakaweka makazi Harrow. Wasomali na sisi wengine tulifuata baadaye, kila mmoja na sababu zake.

Mpwa wangu wa miaka 14 anaishi hapa na mama yake. Ndugu yake, mtoto wa mama yake mkubwa, anaishi Toronto, nchini Kanada. Familia yetu ilitawanyika kwa haraka na bila mpango, na wavulana hawa wameonana ana kwa ana mara moja tu maishani mwao. Kinachowaunganisha ni simu ya video na mchezo mmoja wa zamani, Sonic the Hedgehog, uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1991. Kila mmoja ana mashine ya asili ya miaka ile, iliyonunuliwa kuukuu katika nchi anamoishi. Kila Jumamosi huhesabu moja, mbili, tatu kwenye simu, kisha huanza hatua ya kwanza kwa pamoja.

Mashaka yakaanza walipozoea mchezo. Saa iliyomo ndani ya mchezo iliwaonesha wote wawili kwamba wametumia sekunde 30. Lakini yule wa Toronto alimaliza mbele kila mara, na si kwa nukta chache bali kwa sekunde 6 nzima. Mpwa wangu akasema mwenzake anaanza kabla ya kuhesabu. Mwenzake akajibu kwamba simu za London ni mbovu. Neno likazaa neno, wakaacha kusemezana kwa wiki tatu, na mama zao nao wakaanza kupigiana simu kwa sauti za baridi. Ndipo kesi ilipoletwa kwangu, mjomba wa wote wawili.

Kazi ya uhariri imenizoesha jambo moja: pande mbili zikitaja tarakimu ile ile na bado zikabishana, mimi huuliza kwanza tarakimu hiyo ilipimwa kwa kitu gani.

Treni inayojipima yenyewe

Kabla ya kumgusa Sonic, nilimpeleka mpwa wangu stesheni. Jengo la stesheni ya Rayners Lane, ukumbi mrefu wa matofali na vioo, lilikamilika mwaka 1938 kwa michoro ya Charles Holden na Reginald Uren, nalo limekaa juu ya daraja, reli zikipita chini yake. Tulisimama mwisho wa jukwaa, tukachagua nguzo moja upande wa pili wa reli.

Treni ya Metropolitan yenye mabehewa manane ina urefu wa karibu mita 133. Ukihesabu sekunde tangu pua yake ifike kwenye nguzo hadi mkia wake upite, umeshapata kasi. Ikichukua sekunde 12, imekwenda mita 133 katika muda huo, yaani takriban mita 11 kwa sekunde, au kilomita 40 kwa saa. Hukuhitaji kujua umbali wa kutoka stesheni moja hadi nyingine. Treni yenyewe ndiyo rula.

Mpwa wangu, ambaye si mjinga, aliuliza mara moja: mbona treni inapunguza mwendo inapoingia? Ni kweli. Tulichopata ni wastani wa kasi katika sekunde hizo 12. Pua ilipita kwa kasi zaidi kuliko mkia. Swali hilo litarudi tena tutakapomwekea Sonic mbio za mita 100.

Mwili wa Sonic kama rula

Hapa pana haja ya kusahihisha jambo dogo. Wengi kwetu humwita Sonic nungunungu kwa sababu ya miiba yake. Jina la Kiingereza linamtaja mnyama mwingine, kalunguyeye, yule mdogo anayejiviringisha kama mpira anapoogopa. Na ndivyo Sonic afanyavyo.

Picha ya mchezo huu ina nukta 320 kwa upana na 224 kwa urefu. Nukta hizo huitwa pikseli. Sonic akisimama wima ana urefu wa pikseli 40 hivi. Kampuni ya Sega imetangaza kwamba kimo chake rasmi ni sentimita 100. Basi kila pikseli ni sawa na sentimita 2.5 za dunia yake, na rula tumeipata.

Sasa saa. Picha ya televisheni haitembei. Ni mfululizo wa picha zilizosimama, zinazobadilishwa kwa haraka hadi jicho lidanganyike. Katika mchezo huu, Sonic akikimbia kwenye ardhi tambarare bila msaada wowote, kasi yake ya juu ni pikseli 6 kwa kila picha. Waliofungua programu ya mchezo wameikuta tarakimu hiyo humo ndani, lakini hata asiyejua programu aweza kuipata: rekodi skrini, isogeze picha moja moja, uhesabu ardhi imerudi nyuma pikseli ngapi.

Mashine ya Kanada hutoa picha 60 kwa sekunde. Mara 6, ni pikseli 360 kwa sekunde. Mara sentimita 2.5, ni mita 9 kwa sekunde, au kilomita 32 kwa saa na ushei.

Mpwa wangu alisononeka. Alitarajia kasi ya sauti, kwani ndiyo maana ya jina Sonic, na sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde. Kumbe shujaa wake hamfikii hata binadamu. Usain Bolt, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alifika zaidi ya mita 12 kwa sekunde katikati ya mbio. Ferdinand Omanyala wa Kenya, aliyekimbia kwa sekunde 9.77 katika uwanja wa Kasarani mwezi Septemba 2021, alikuwa na wastani wa mita 10.2 kwa sekunde, mwanzo wa mbio ukihesabiwa.

Na mwanzo lazima uhesabiwe. Sonic haanzi na kasi kamili. Huiongeza kidogo kidogo, na huchukua picha 128, yaani sekunde 2 na kidogo, hadi kufika pikseli 6. Katika muda huo anakuwa amekwenda chini ya mita 10. Ukijumlisha yote, mita 100 angezimaliza kwa sekunde 12.2. Omanyala angekuwa ameshavuka utepe na kugeuka nyuma kumtazama.

Kwa nini basi anaonekana kama umeme? Sababu ya kwanza ni kimo. Katika sekunde moja Sonic hupita urefu wa mwili wake mara 9, ilhali Bolt, mwenye mita 1.95, hupita wa kwake mara 6 na kidogo. Jicho hulinganisha mwendo na mwili, halilinganishi na kilomita. Sababu ya pili ni skrini yenyewe, ambayo kwa rula yetu ina upana wa mita 8 tu. Kila kilichokuwa mbele hufika na kupotea katika muda usiozidi sekunde moja. Tena wasanii wa Sega waliichora miguu yake kama duara lisiloshikika, na milima ya nyuma wakaifanya isogee polepole kuliko nyasi za mbele, kama tuionavyo kutoka dirisha la basi.

Akiteremka mlima na kujiviringisha, mambo hubadilika. Mchezo humruhusu kufika pikseli 16 kwa picha, sawa na mita 24 kwa sekunde, au kilomita 86 kwa saa. Hapo angalau anamkaribia duma. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo cha Mifugo cha Royal Veterinary College, Uingereza, walichapisha vipimo vya duma wa mwituni nchini Botswana waliovishwa kola za kupimia mwendo. Aliyekwenda mbio zaidi alifika kilomita 93 kwa saa.

Sekunde sita zilikwenda wapi?

Karibu na stesheni ya Rayners Lane pana jengo ambalo mgeni hawezi kulipita bila kusimama. Mbele yake umeinuka mkunjo wa zege mfano wa mkonga wa tembo. Lilifunguliwa mwaka 1936 kama sinema iliyoitwa Grosvenor. Leo ni kituo cha Wazoroasta, waumini wa dini ya kale ya Uajemi ambao Waparsi wa Zanzibar, Mombasa na Nairobi ni miongoni mwao. Nililitumia jengo hilo kumweleza mpwa wangu kiini cha ugomvi wao.

Filamu za sinema hupigwa na kuoneshwa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni za Ulaya zilijengwa kwa kufuata umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na huonesha picha 25 kamili, au nusu-picha 50. Kwa hiyo kwa miaka mingi filamu ya sinema iliporushwa na televisheni za Ulaya iliharakishwa kidogo, asilimia 4, na filamu ya saa mbili ikaisha karibu dakika 5 kabla ya wakati wake. Watazamaji wengi hawakujua.

Marekani, Kanada na Japani zilichagua mizunguko 60. Uingereza ilichagua 50, na nchi zetu zikafuata: televisheni za Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia utaratibu wa Ulaya uitwao PAL, na ndio uliotumiwa na Zanzibar ilipokuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote.

Mchezo wa Sonic uliandikwa Japani kwa ajili ya picha 60. Ulipoletwa Ulaya mwaka 1991 hesabu zake hazikurekebishwa. Sonic wa London naye huenda pikseli 6 kwa kila picha, lakini picha zenyewe ni 50. Basi hukimbia pikseli 300 kwa sekunde, sawa na mita 7.5, kilomita 27 kwa saa. Hata muziki wa mchezo ule ulipigwa polepole kwetu, na waliokua nao hawakuwahi kudhani kwamba kuna mwingine.

Na ile saa ya ndani? Hapo ndipo wavulana walipopotelea. Saa ya mchezo haijui sekunde. Huhesabu picha, na zikifika 60 huandika kwamba sekunde moja imepita. Toronto ni kweli. London, picha 60 huchukua sekunde 1.2 za saa ya ukutani. Hatua iliyochukua picha 1800 iliandikwa sekunde 30 pande zote mbili. Lakini 1800 kwa 60 ni sekunde 30, na 1800 kwa 50 ni sekunde 36. Zile sita ndizo hizo. Hakuna aliyedanganya, na simu haikuwa mbovu.

Kwa wapenzi wa riadha, tofauti hii ina ladha yake. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Sonic wa Toronto, kwa rula yetu, angezimaliza mita 800 kwa dakika 1 na nusu, akamwacha Rudisha kwa sekunde 11 hivi. Sonic wa London angechukua dakika 1 na sekunde 48, na Rudisha angemshinda kwa sekunde 7. Mshindi hutegemea televisheni imenunuliwa wapi.

Kabla hatujafika hapo mpwa wangu alikuwa amejaribu njia yake mwenyewe. Alichukua utepe wa fundi cherehani wa mama yake, akapima kimo cha Sonic juu ya kioo cha televisheni, kisha akapima umbali aliokwenda, saa ya simu mkononi. Akapata jibu lililokaribia sana lile la Toronto, na kwa hilo akathibitisha, kwa maoni yake, kwamba mashine zao ni sawa. Ilituchukua jioni nzima kuona kosa. Picha ya Ulaya ina mistari mingi zaidi kuliko ya Amerika, na mchezo haukuijaza. Ulibakiza ukanda mweusi juu na chini, na kila kitu kikabanwa kwa takriban moja ya sita. Sonic wa London ni mfupi na mnene. Rula yake imebanwa kwa kiasi kile kile ambacho saa yake imechelewa, na makosa mawili yakakaribia kufutana. Ndiyo sababu ninashauri pikseli zihesabiwe zenyewe, na kioo kisipimwe kwa utepe.

Shauri jingine lahusu kidole. Mtu akibonyeza saa ya kusimamisha, hukosea kwa sehemu kama mbili za kumi za sekunde. Ukipima tukio la sekunde moja, hilo ni kosa la asilimia 20. Ukipima mwendo wa sekunde 20, ni asilimia 1. Ama tumia simu inayorekodi polepole uhesabu picha, ama pima safari ndefu.

Rula ya pili: kuanguka

Kufikia hapa tumeamini jambo moja bila kuuliza, kwamba kimo kilichotangazwa na Sega ni cha kweli. Lakini dunia ina rula nyingine ambayo haimtegemei mtengenezaji. Kila kitu kinachoanguka karibu na uso wa dunia huongeza kasi kwa mita 9.81 kwa sekunde, kila sekunde. Ukijua kitu kimeanguka kwa muda gani, unajua kimeanguka kutoka juu kiasi gani.

Rhett Allain, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Southeastern Louisiana nchini Marekani, alitumia njia hii mwaka 2010 kwa mchezo wa Angry Birds wa kampuni ya Rovio ya Finland, ambamo ndege hurushwa kwa manati. Alipoichukulia nguvu ya mvutano kuwa ile ya dunia yetu, alikuta manati ile inapaswa kuwa na urefu wa karibu mita 5. Ndege aliyeonekana kama kifaranga kumbe alikuwa mkubwa kuliko alivyodhaniwa.

Tumfanyie Sonic vivyo hivyo. Akiruka kwa nguvu zote, kwenye mashine ya Toronto hupanda pikseli 96 hivi na kurudi chini baada ya sekunde moja, nusu ya kupanda na nusu ya kushuka. Kwa rula ya kimo, pikseli 96 ni mita 2.4. Kitu kinachoanguka mita 2.4 kwa nusu sekunde kinavutwa kwa mchapuko wa mita 19 na zaidi, karibu mara mbili ya dunia yetu. Sonic anaishi katika sayari nzito.

Au siyo. Tuseme anaishi hapa hapa duniani. Kitu kinachoanguka kwa nusu sekunde hapa kwetu hushuka mita 1.23. Basi pikseli 96 ni mita 1.23, pikseli moja ni sentimita 1.28, na Sonic ana kimo cha nusu mita tu. Kasi yake nayo hupungua nusu: mita 4.6 kwa sekunde, chini ya kilomita 17 kwa saa. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 mjini Vienna mwezi Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na wastani wa mita 5.88 kwa sekunde. Angempita Sonic huyu na kumwacha kabisa.

Jambo la ajabu hutokea tukiipeleka rula hii London. Mruko ule ule huchukua sekunde 1.2. Kuanguka kwa sekunde 0.6 duniani ni mita 1.77; pikseli imekua hadi sentimita 1.84, Sonic ana sentimita 74, na kasi yake, pikseli 300 kwa sekunde, ni mita 5.5. Mashine iliyo polepole imetupatia kalunguyeye mwenye mbio zaidi! Mpwa wangu alikataa kuamini hadi alipoandika hesabu mwenyewe mara mbili. Sababu ni kwamba kitu kinachochelewa kuanguka lazima kiwe kinaanguka kutoka juu zaidi. Mchezo ukienda polepole, dunia yake huonekana kubwa, na hatua zake nazo huwa kubwa. Watengeneza filamu walilijua hili zamani. Walipotaka mdoli wa jengo aonekane ghorofa linaloporomoka, walipiga picha nyingi kwa sekunde na kuzionesha taratibu.

Kwa hiyo tuna majibu manne, mita 9, 7.5, 4.6 na 5.5, na hakuna lililokosewa hesabu. Huwezi kushika vyote viwili, kimo cha Sega na mvutano wa dunia. Ukichagua kimoja, kingine kinavunjika. Mimi binafsi huchagua kimo, kwa kuwa kilitangazwa na waliomuumba, na mvutano mzito una maelezo mepesi: mruko wa kweli wa mita 2.4 ungemweka hewani kwa sekunde 1.4, na mchezaji angekaa akisubiri. Wabunifu wa michezo huongeza mvutano makusudi ili kidole kitii.

Nyayo za Laetoli

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya watoto. Lakini hesabu iyo hiyo, ya kumpima mwendo mtu asiyeweza kupimwa kwa saa, imefanywa kwa uzito mkubwa kaskazini mwa Tanzania.

Huko Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, kundi la Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita na viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Miaka miwili kabla yake, R. McNeill Alexander wa chuo kikuu cha Leeds, Uingereza, alikuwa amechapisha kanuni ya kukadiria kasi ya dinosaria kutokana na nyayo zao. Kanuni hiyo inahitaji vitu vitatu: urefu wa hatua, urefu wa mguu hadi nyonga, na nguvu ya mvutano. Urefu wa mguu haukuonekana Laetoli. Hukadiriwa kutokana na ukubwa wa unyayo. Mwaka 2016 Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza nyayo nyingine za hapo hapo, mmoja wa waliozikanyaga akikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi. Makadirio ya mwendo wao ni chini ya mita moja kwa sekunde. Walikuwa wakitembea tu, bila haraka.

Mvutano unaingiaje katika kutembea? Anayetembea huwa na mguu mmoja chini wakati wote, na mwili wake huzunguka juu ya mguu huo kama mwiba wa gurudumu. Akizidisha kasi, mvutano haumrudishi chini upesi wa kutosha, na nyayo hubanduka. Kikomo hupatikana kwa kuzidisha mchapuko wa mvutano kwa urefu wa mguu na kutafuta kipeo cha pili cha jibu. Mguu wa mita 0.9 duniani hutoa mita 3 kwa sekunde, ingawa wengi wetu huanza kukimbia tukifika mita 2. Mwezini, ambako mvutano ni mita 1.62, kikomo ni mita 1.2, na ndiyo maana wanaanga wa Marekani walionekana wakirukaruka.

Kwa michezo ya video hii ni rula ya tatu. Ukimwona mhusika mwenye kimo cha mtu anatembea, mguu mmoja ukiwa chini daima, na hesabu ya pikseli inakupa mita 4 kwa sekunde, mojawapo ya mambo haya si kweli. Kwa Sonic rula hii haifai. Miguu yake haionekani.

Michezo ya leo

Katika michezo ya sasa kazi imerahisika, maana vipimo huandikwa wazi. Unreal, programu ya kampuni ya Epic Games ambayo michezo mingi hujengwa juu yake, huhesabu kwa sentimita, na mvutano wake wa kuanzia umewekwa karibu na ule wa dunia. Mhusika ambaye mtengenezaji hakumgusa huja na kasi ya sentimita 600 kwa sekunde. Ni mita 6 kamili, na hachoki. Mtu huyo, asiye na jina wala kabila, angemaliza marathoni kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 12.

Niliwatumia wavulana hesabu zote kwa ukurasa mmoja, wa Toronto kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitwa mwongo. Alipiga simu usiku ule ule, saa nne kwa saa za hapa, jioni kwake. Sikusikia waliyosema, mlango ulifungwa. Jumamosi iliyofuata walipatana kwamba wa Toronto ataweka kidole mezani na kusubiri sekunde 6 baada ya kuhesabu tatu. Mpwa wangu alianguka kwenye miiba karibu na mwisho, akashindwa tena, safari hii kwa sekunde 2.